Mtutu Mpya Unaoshika Shaba: Dalili, Chanzo na Tiba Yake

Mtutu mpya wa raifo ukishapitisha risasi chache, chungulia mdomoni kwa tochi: utaona michirizi ya wekundu wa shaba juu ya matuta, yaani miinuko inayozunguka ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kuondoa shaba, kitarudi na rangi ya buluu. Hapo ndipo wengi hushikwa na wasiwasi na kuanza kusugua asubuhi hadi jioni. Naamini mitutu mingi imeumizwa na kusuguliwa hivyo kuliko ilivyoumizwa na shaba yenyewe.

Karibu kila mtutu hushika shaba kidogo, na mingi hupiga vizuri ikiwa nayo. Kwa hiyo usiulize kama shaba ipo. Uliza kama inaharibu shabaha, na kama ndiyo, imeng'ang'ania wapi na kwa nini. Maelezo haya yanafuata njia hiyo, kuanzia dalili unayoiona hadi chanzo chake.

Kwanza usalama. Toa magazini, fungua bolti (komeo la nyuma ya mtutu), angalia chemba (tundu ambamo risasi hukaa) kwa macho na uipapase kwa kidole, kisha ondoa risasi zote kwenye meza unayofanyia kazi. Fungua madirisha, kwa sababu dawa nyingi za kuondoa shaba zina amonia, na vaa glovu. Kamwe usichanganye amonia na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Ukimaliza nawa mikono vizuri hata kama hukushika dawa, maana masizi ya mtutu huwa na chembe za madini ya risasi.

Shaba inatoka wapi

Kichwa cha risasi ya kisasa kwa kawaida huvikwa gamba la shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, asilimia 5 au 10 hivi. Matuta ya ndani ya mtutu yana kimo cha takribani sehemu moja ya kumi ya milimita, na gamba hilo linalazimishwa kuyapita likiwa limebanwa, likienda mwishoni kwa mwendo unaoweza kufika mita 800 au 900 kwa sekunde. Nyuma yake kuna gesi yenye joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Ajabu ingekuwa shaba isibaki.

Mtutu mpya una shida mbili za ziada. Ya kwanza ni alama za vyuma vilivyouchonga. Mtutu uliong'arishwa kwa mkono baada ya kuchongwa mifuo (mifereji iliyo kati ya matuta) huwa laini, na alama zilizobaki hufuata mwelekeo wa mifuo. Mtutu wa kiwandani wa bei ya kawaida mara nyingi haukupata huduma hiyo. Shida ya pili hata mtutu wa gharama inao. Chemba na koo la mtutu (sehemu iliyo mbele tu ya chemba, ambako matuta huanza) hukatwa mwisho, kwa kikatio kinachozunguka, na alama zake hukaa kwa kukingama, kinyume na njia ya risasi. Kila alama ni kama jino la tupa. Gamba likipita hapo huparuliwa, na vumbi la shaba huchukuliwa na gesi ya moto na kubandikwa mbele zaidi ndani ya mtutu. Ndiyo maana unaweza kukuta shaba nyingi katikati ya mtutu ilhali kasoro yenyewe iko kooni.

Dalili: kitambaa kinatoka buluu na hakikomi

Hii ndiyo lalamiko kubwa, na ndiyo dalili inayodanganya kuliko zote. Kabla ya kuushuku mtutu, shuku vifaa vyako.

Buluu hutokea pale amonia na oksijeni ya hewani vinapokutana na shaba. Dawa haijui shaba hiyo imetoka wapi. Kama kichwa cha mdeki (ufito wa kusafishia mtutu) kinachobeba kitambaa ni cha shaba ya njano, dawa inakila hicho kichwa kila unapopitisha. Brashi ya shaba nyeusi ni hivyo hivyo. Unaweza kusafisha mtutu usio na chembe ya shaba ndani yake na bado ukapata buluu hadi chupa iishe.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua kitambaa kipya, kitie dawa, kivishe kwenye kichwa cha mdeki bila kukiingiza popote, na ukiache dakika tano. Kikiwa buluu, umempata mhusika. Weka pia tone la dawa peke yake juu ya kitambaa kingine, kwa sababu baadhi ya dawa zina rangi yake tangu chupani. Badilisha kichwa hicho kwa cha plastiki, cha chuma cha pua au kilichopakwa nikeli, na tumia brashi ya nailoni popote inapogusana na dawa ya shaba.

Vifaa vikiwa safi na buluu bado inakuja, chanzo cha pili ni masizi. Ndani ya mtutu shaba na masizi ya baruti hupangana kwa tabaka: risasi moja inaacha vyote viwili, ya pili inaweka vingine juu yake. Dawa ya shaba haipenyi masizi vizuri. Inakula tabaka la juu, inagota kwenye masizi, kitambaa kinatoka cheupe, nawe unadhani umemaliza. Kesho yake unapitisha kingine na buluu imerudi kana kwamba shaba imeota usiku. Haikuota, ilikuwa imefunikwa. Dawa yake ni kuanza na masizi kwa dawa yake na brashi, hadi weusi upungue, kisha shaba, kisha urudi kwenye masizi. Mizunguko miwili au mitatu hiyo inafanya kazi kuliko vitambaa hamsini vya dawa moja.

Cha tatu ni haraka. Dawa inahitaji muda na inahitaji hewa. Ukipitisha kitambaa na kukivuta papo hapo, umelowesha tu. Tandaza dawa kwa brashi ya nailoni na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Za amonia kali kwa kawaida ni dakika zisizozidi 15, na usiziache zikakauke mtutuni. Dawa za povu zisizo na amonia kali huachwa muda mrefu zaidi. Chupa iliyokaa wazi mara nyingi nayo huisha nguvu, kwa sababu amonia hupotea hewani.

Ukishapita hatua zote hizo na bado unapata buluu nzito, basi kweli mtutu wako unashika shaba kupita kawaida. Hilo lenyewe bado si hukumu. Endelea kwenye shabaha.

Dalili: wekundu unaonekana, lakini matundu kwenye karatasi ya shabaha yamekaa pamoja

Usifanye kitu. Mitutu mingi hufikia hali ambapo shaba inayobandikwa na shaba inayobebwa na risasi inayofuata zinalingana, na hapo mtutu hutulia na kupiga vizuri kwa muda mrefu. Kamera ndogo za kuchungulia mtutu zimekuwa rahisi kupatikana, na zimeongeza hofu kuliko maarifa. Kitu cha upana wa nywele kinajaa kioo kizima. Mtutu unaopiga vizuri usiuvuruge kwa sababu ya picha.

Dalili: kundi la matundu kwenye karatasi linapanuka kadiri unavyopiga

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa sababu vyanzo vinne tofauti hutoa dalili inayofanana, na anayekimbilia dawa ya shaba moja kwa moja hubahatisha tu. Kundi la risasi tatu halikuambii kitu cha maana. Piga tano au zaidi kwa kila kundi, na andika kwenye daftari risasi ya ngapi tangu mtutu usafishwe.

Joto hujionyesha ndani ya kundi moja. Risasi mbili za kwanza zinakaa pamoja, ya nne na ya tano zinatambaa, mara nyingi kuelekea upande uleule. Ukiuacha mtutu upoe hadi uweze kuushika bila shida, kundi linalofuata linaanza vizuri tena bila kusafishwa. Mitutu myembamba ya kuwindia iko hivyo.

Skrubu zilizolegea, za darubini au za kitako, hazifuati mpango. Matundu yanaweza kugawanyika makundi mawili, au kundi zima linahama leo huku kesho kule. Kupoza hakusaidii, kusafisha hakusaidii. Kwa kuwa bunduki ni mpya, kagua skrubu kabla ya kitu kingine chochote. Ni kazi ya dakika chache na mara nyingi ndiyo jibu.

Masizi na shaba hufanana zaidi: kundi linapanuka polepole kadiri hesabu ya risasi inavyopanda, kupoza hakubadilishi kitu, na kusafisha kunarudisha hali. Kuvitenganisha kuna hila moja nzuri ambayo watu wachache huitumia. Safisha masizi peke yake, ukitumia dawa isiyogusa shaba, na uiache shaba mahali pake. Piga tena. Kundi likirudi kuwa dogo, shaba haikuwa na hatia. Likibaki limepanuka, sasa ondoa shaba na upige tena. Likirudi hapo, umethibitisha.

Daftari litakuonyesha pia mtutu wako unafika wapi kabla ya kuchoka. Ukipiga risasi 60 au 80 bila tatizo, huna ugonjwa, una ratiba ya kusafisha. Ukiharibika ndani ya risasi 10 au 15, hilo ni tatizo la kushughulikia.

Dalili: risasi ya kwanza baada ya kusafisha inaenda pembeni

Ni kawaida. Mtutu uliosafishwa na mtutu wenye tabaka jembamba la masizi na shaba havimsukumi kichwa cha risasi sawasawa, na mafuta yaliyobaki huongeza tofauti. Pitisha vitambaa vikavu viwili kabla ya kupiga, kisha risasi moja hadi tano za kuutuliza, ndipo uhesabu. Usipime shabaha wala usirekebishe darubini kwa risasi hiyo ya kwanza. Na usipige kamwe ukiwa na mafuta mengi mtutuni au chembani, achilia mbali kitambaa kilichonasa.

Dalili: shaba imejikusanya mahali pamoja

Hapa kamera ya kuchungulia inastahili kazi yake, kwa sababu mahali shaba ilipo ni ushahidi.

Kama imekolea kuanzia kooni na sentimita chache mbele yake, alama za kikatio cha chemba ndizo mshukiwa. Mara nyingi hulainika zenyewe kwa risasi zinazopita. Kama imeshika upande mmoja wa matuta tu pale mwanzoni, inawezekana chemba haikukatwa katikati sawasawa, na risasi inaingia ikiwa imeinama. Hilo halitibiki kwa dawa. Wekundu mwepesi karibu na mdomo ni wa kawaida, kwa kuwa hapo ndipo mwendo wa risasi ulipo mkubwa. Mabaka yaliyotapakaa yenye kingo za vishimo huashiria kutu, jambo ambalo bunduki mpya haipaswi kuwa nalo lakini iliyokaa ghalani vibaya yaweza kuwa nalo.

Asiye na kamera ana mkono wake. Baada ya kusafisha kabisa, sukuma kitambaa kinachobana, chenye mafuta kidogo, polepole kutoka chembani hadi mdomoni. Mtutu mzuri unabana sawasawa mwanzo hadi mwisho. Pale mkono unapohisi mkwaruzo, au kitambaa kinapobana ghafla kisha kulegea, weka alama kwenye mdeki kwa kalamu ujue ni umbali gani.

Dalili: bolti inakuwa nzito kufungua, fataki (viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda) zimebonyea bapa

Acha kupiga. Hizo ni ishara za mgandamizo mkubwa. Shaba na masizi vinaweza kuchangia, lakini kwenye bunduki mpya chanzo kinaweza kuwa risasi isiyofaa, chemba isiyokatwa vizuri, au baruti iliyozidi kwa wanaojijazia risasi wenyewe. Ipeleke kwa fundi wa silaha mwenye kibali, pamoja na maganda yaliyotumika.

Kusafisha bila kuuumiza mtutu

Mdeki uwe wa kipande kimoja, wa chuma cha pua au uliovikwa plastiki, na uufute kila unapotoka. Mideki ya alumini ya kuunganisha ina viungo vinavyokwaruza, na alumini yake laini hunasa chembe za mchanga. Ingiza kutoka upande wa chemba kila inapowezekana, ukitumia bomba la kuongozea linalokaa mahali pa bolti; linauzuia mdeki kupinda na kusugua koo, na linazuia dawa kumwagikia kwenye kifyatulio na kitako. Kitambaa kikishatoka mdomoni kiondoe hapo, usikirudishe na uchafu wake. Ukingo wa mdomo ndicho kitu cha mwisho kugusa risasi. Ukilika upande mmoja, hakuna dawa ya chupani itakayorudisha shabaha.

Ukimaliza na amonia, toa mabaki yote kwa vitambaa vikavu, pitisha dawa ya masizi au spiriti, kausha tena, kisha mafuta kidogo sana kama bunduki inakwenda kukaa. Usichanganye dawa mbili tofauti ndani ya mtutu. Na kuhusu bunduki ndogo za .22 zinazopiga vichwa vya madini ya risasi visivyo na gamba, dawa ya shaba haina kazi kubwa huko.

Je, kuna haja ya kuuzoeza mtutu mpya?

Watengeneza mitutu wenyewe hawakubaliani. Wapo wanaoagiza utaratibu wa kupiga risasi moja na kusafisha, mara kadhaa, kisha tatu na kusafisha. Wapo wanaosema ni kupoteza risasi na kuuzeesha mtutu. Msimamo wangu uko katikati, na una sababu. Risasi haiwezi kulainisha mtutu mzima kwa kupita mara ishirini, lakini inaweza kulainisha koo, ambako ndiko alama za kukingama ziliko, mradi isikute shaba imezifunika alama hizo. Hivyo kusafisha kati ya risasi za mwanzo kuna mantiki.

Kabla ya risasi ya kwanza kabisa, safisha mtutu: kiwanda kimeacha mafuta mazito ya kuhifadhi, na wakati mwingine chembe za chuma. Kisha piga moja, safisha, tazama buluu. Rudia mara tano, hata kumi. Buluu ikipungua wazi, mtutu umetulia, acha utaratibu na uanze kupiga kawaida. Isipopungua baada ya risasi kumi hivi, kuendelea na utaratibu huo hakutabadilisha kitu. Mtutu uliong'arishwa kwa mkono mara nyingi hutulia mara moja au mbili tu.

Kubadilisha risasi kabla ya kubadilisha mtutu

Kabla ya kugusa chuma, jaribu risasi nyingine. Magamba hayafanani ugumu wala mchanganyiko, na mtutu mmoja unaweza kushika shaba ya aina hii na kuiacha ile. Vichwa vya shaba tupu kwa baadhi ya mitutu huacha zaidi; vingi vya siku hizi vimekatwa mikanda pembeni ili vigusane kidogo na mtutu. Unapohama aina, safisha kwanza kabisa, la sivyo unapima mabaki ya ile ya zamani.

Baruti nayo ina mchango. Hili si jambo la leo. Kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia magamba mengi yalikuwa ya shaba na nikeli, na yaliacha mabonge mtutuni yaliyohitaji amonia kali kuyatoa. Wafaransa waligundua kwamba bati likiwekwa pamoja na baruti ya mizinga, utando huo hupungua. Mwaka 1921 jeshi la Marekani lilijaribu kupaka bati vichwa vyenyewe kwa mashindano ya taifa, lakini bati liligandisha kichwa kwenye ganda, na waliozoea kupaka grisi risasi walipata mgandamizo wa hatari. Mwaka 1922 wakahamia gamba la shaba na zinki, ambalo ndilo tunalotumia. Wazo la bati halikufa: zipo baruti za kisasa zenye viambato vya kupunguza shaba, na risasi za kiwandani zilizojazwa baruti hizo zinafaa kujaribiwa kwa mtutu mkaidi.

Dawa ya kusugulia, na wakati wa kuurudisha

Ikiwa vifaa ni safi, masizi yametoka, skrubu zimekaza, umejaribu angalau aina mbili za risasi, na bado shabaha inaharibika ndani ya risasi 15, ndipo ifike zamu ya krimu laini ya kusugulia iliyotengenezwa kwa mitutu. Itumie kwenye kitambaa kinachobana, kwa hatua fupi pale tu mkono ulipohisi mkwaruzo, na hasa kooni. Usitoke nayo mdomoni. Mizunguko michache, kisha osha yote kwa dawa hadi kitambaa kitoke cheupe, upige na kuandika. Kuna pia vichwa vya risasi vyenye unga wa kusagia vinavyopigwa kwa lengo hilo; vinarefusha koo, na chuma kikishaondoka hakirudi. Hiyo mwachie fundi.

Lakini bunduki ikiwa bado iko ndani ya dhamana, usipake krimu wala usipige vichwa vya kusagia kabla ya kuwasiliana na aliyekuuzia, kwa sababu kiwanda kinaweza kudai wewe ndiye uliyeubadilisha mtutu. Mpelekee daftari lako: aina ya risasi, idadi tangu kusafisha, karatasi za shabaha zenye tarehe, na picha za koo kama unazo. Onyesha kundi kabla ya kusafisha masizi, baada ya masizi, na baada ya shaba. Mlolongo huo wa karatasi tatu unamwonyesha fundi wa kiwanda kwamba umeshaondoa vyanzo vingine, naye atajua aanzie kooni.